Maswali Matano kwa Mama Anayepigwa

 

Mama akimpeleka mtoto hospitali ya watoto ya Nalufenya, mjini Jinja, Uganda, mtoto hupimwa joto na uzito. Je, mama huyo akiwa anapigwa nyumbani, hali ya moyo wake nayo inapimika? Inapimika, tena kwa maswali matano tu.

Maswali hayo yalitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1998. Yanahusu wiki mbili zilizopita. Umekuwa mchangamfu? Umekuwa mtulivu? Umejisikia una nguvu? Umeamka ukiwa umepumzika vyema? Siku zako zimekuwa na mambo yanayokuvutia? Kila jibu lina alama, kuanzia 0, yaani hakuna hata mara moja, hadi 5, yaani wakati wote. Jumlisha, kisha zidisha kwa 4.

Tuseme mama amejibu 1, 2, 1, 0 na 2. Jumla ni 6. Mara 4 ni 24 kati ya 100. Alama zikiwa chini ya 50, anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Itazameni ile 0: ni ya usingizi. Anayelala huku akisikiliza mlango utafunguliwa saa ngapi, ataamkaje amepumzika?

Alama hizo hazisemi mama ana kichaa, wala hazitaji aliyempiga. Zinaonyesha maumivu yasiyoacha alama mwilini. Utafiti wa shirika hilohilo uliochapishwa mwaka 2005, uliofika Dar es Salaam na Mbeya, ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kutendewa ukatili na wenzi wao husumbuka moyoni kuliko wanawake wasiowahi kutendewa.

Ndugu muuguzi, nawe VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji: msimuulize mama mbele ya mume, mama mkwe, wala mtoto anayejua kusimulia. Karatasi ya majibu asirudi nayo nyumbani. Jueni kwanza mtampeleka wapi, ndipo muulize. Baada ya wiki kadhaa mpimeni tena. Alama zikipanda kwa 10 au zaidi, msaada unamfaa.

Nawe dada unayesikiliza, Sheria ya Uganda ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inakulinda. Unaweza kulalamika kwa LC, yaani baraza la mtaa, polisi au mahakamani. Namba 116 ya kuomba msaada hupigwa bure.

Kipigo si sehemu ya ndoa, na moyo ulioumizwa hutibika.