Shule ya Kwanza ya Mtoto katika Mtaa wa Asiatique



Kila mwezi wa Septemba unapokaribia, shule za Burundi zikijiandaa kufungua mwaka mpya, husikika katika mtaa wa Asiatique mjini Bujumbura mazungumzo ambayo hayahusu bei ya saruji wala shehena iliyokwama mpakani. Yanahusu mtoto wa miaka mitatu. Apelekwe shule ipi ya watoto wadogo, ile ambayo Tanzania huitwa chekechea na ambayo watu wa Bujumbura, kwa kufuata Kifaransa, huiita materneli? Au abaki nyumbani kwa bibi yake mpaka atimize umri wa darasa la kwanza?

Huenda askari aliye zamu langoni, bunduki begani, akaliona jambo hili kuwa la akina mama. Sivyo. Askari naye ni mzazi, na kazi yake humfanya achague kwa taabu kuliko mwenye duka. Aidha, lipo jambo katika habari ya shule hizi linalomgusa polisi hata kama hana mtoto, nalo litaelezwa hapa.

Kwanza inafaa kuufahamu mtaa wenyewe. Asiatique ni zao la mpango wa watawala wa Kibelgiji, walioigawa Usumbura kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikuwa na sehemu yao. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walitengewa sehemu yao. Na Waafrika waliwekwa Buyenzi na Bwiza. Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, mji ukaitwa Bujumbura, na mipaka ile ikapoteza nguvu ya sheria. Jina la mtaa likabaki. Leo mtoto anayekulia hapo husikia Kiswahili barazani, Kirundi kwa yaya na majirani, Kifaransa katika ofisi na redioni, na pengine Kigujarati au Kiarabu chumbani kwa bibi. Anapofika miaka mitatu amekwisha kujua lugha ya kumwombea maji kila mtu.

Hapo ndipo mashaka ya wazazi yanapoanzia. Katika shule za msingi za serikali ya Burundi, miaka ya mwanzo hufundishwa kwa Kirundi, kisha Kifaransa hushika zamu. Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiingereza na Kiswahili vilipata uzito mpya, na sheria ya mwaka 2014 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Hivyo baba mwenye biashara Dar es Salaam na Kampala hutaka shule ya Kiingereza. Mama aliyesoma kwa Kifaransa huona kwamba bila lugha hiyo mtoto atakwama atakapofika madarasa ya juu. Bibi, ambaye huulizwa mwisho ingawa ndiye anayeshinda na mtoto, huuliza swali moja tu: akiumwa tumbo, atamwambia mwalimu kwa lugha gani?

Swali hilo la bibi lina maana kuliko hoja za wote wawili. Mtoto wa miaka mitatu aliyeketishwa mbele ya mwalimu asiyejua hata neno moja la lugha ya nyumbani kwake hanyamazi kwa sababu ana adabu. Hunyamaza kwa sababu amenyang'anywa ulimi. Wapo wazazi wanaofurahi jioni mtoto anapoimba wimbo wa Kifaransa tangu mwanzo hadi mwisho, wala hawamwulizi kama anaelewa anachokiimba. Shule inayofaa ni ile ambayo mwalimu humpokea mtoto kwa lugha aliyokuja nayo, akamwongezea nyingine polepole. Shule ya namna hiyo si lazima iwe yenye kibao kikubwa barabarani.

Baada ya lugha huja dini. Waislamu ni wengi katika Asiatique na katika Buyenzi iliyo jirani, na desturi yao ya tangu zamani ni kumpeleka mtoto chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya shule ya serikali. Wengi wao huogopa kwamba materneli itamtoa mtoto katika mwenendo wa nyumbani. Mashaka ya namna hiyo yaliwahi kukabiliwa katika pwani ya Kenya. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa huko walimwomba Aga Khan msaada wa elimu kwa watoto wao, waliokuwa wakiachwa nyuma wanapoingia shule za msingi. Mwaka 1986 mpango ulianza Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa mbele katika kazi ya kuwafunza walimu. Wanawake wa mtaani walifundishwa kazi, jumuiya ikatoa mahali, vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vifuu, mbegu na vitambaa, na mafundisho ya dini yakaingizwa katika siku ya mtoto pamoja na hesabu na hadithi. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia watoto wa nchi hizo, ulionyesha kwamba waliopita katika shule za watoto wadogo waliwazidi waliobaki nyumbani kwa ukuaji wa akili, na wale wa shule za madrasa walipiga hatua kubwa zaidi. Mzazi wa Asiatique anayedhani ni lazima achague baina ya chuo na shule anaweza kupumua kidogo.

Sasa lile linalomhusu polisi. Katika miaka ya 1960, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, walichaguliwa watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi. Watoto 58 walipelekwa shule nzuri ya awali wakiwa na miaka mitatu na minne, na walimu wao wakawa wakiwatembelea wazazi nyumbani kila juma. Waliobaki 65 hawakupelekwa. Watafiti waliwafuatilia wote mpaka walipofika umri wa miaka 40. Katika kila watu 100 wa kundi ambalo halikusoma, 55 walikuwa wamekamatwa na polisi mara tano au zaidi. Katika kundi lililosoma, idadi hiyo ilikuwa 36. Ni kweli kwamba watoto 123 ni wachache, na Ypsilanti si Bujumbura. Hata hivyo, ofisa wa polisi anayejua gharama ya doria moja ya usiku hawezi kuupuuza uchunguzi huo. Tena hata katika kundi lililosoma wapo waliokamatwa, wala hakuna mwalimu wa watoto awezaye kumdhamini mtu maisha yake yote.

Kwa askari wa jeshi, shida ina sura nyingine. Chukua mfano wa koplo ambaye mkewe na watoto wamepanga vyumba viwili Asiatique. Kuanzia Desemba 2007, Burundi ilipopeleka kikosi chake cha kwanza Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika, hadi ujumbe wa ATMIS ulipofikia mwisho Desemba 2024, maelfu ya wanajeshi wa Burundi walikaa Somalia kwa zamu. Baba wa namna hiyo humchagulia mtoto shule kwa simu.

"Mama watoto, umeiona ile shule?"

"Nimeiona, baba watoto. Ukuta ni mzuri, lakini watoto wamebanana chumbani."

"Na ile nyingine?"

"Ile nyingine ina nafasi, lakini ni mbali. Nani atampeleka?"

Mazungumzo hukatika hapo kwa sababu ya mtandao, naye mama huamua peke yake. Baba anaporudi likizo akaanza kulaumu uamuzi uliokwisha kufanywa, anamkosea. Aliyeziona shule zote mbili kwa macho yake ni mama.

Askari aliyebaki nchini naye huhamishwa. Leo yuko Bujumbura, mwakani Ruyigi au Makamba. Mtoto mkubwa huweza kuvumilia kubadilisha shule. Mtoto wa miaka minne, ambaye ameshika vidole vya mwalimu mmoja kwa miezi sita, huanza upya kulia. Familia nyingi za askari huamua kwamba mama na watoto wabaki mahali pamoja, baba ahame peke yake. Uamuzi huo una gharama ya kulipa kodi mbili na kukaa mbali na watoto, lakini kwa miaka hiyo michache ya mwanzo una sababu nzito.

Juu ya umbali, Asiatique imejifunza kwa uchungu. Ni mtaa wa maduka na maghala, karibu na bandari ya Ziwa Tanganyika, na malori hupita mchana kutwa. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara walitawanyika katika masoko na mitaa mingine, nayo njia za miguu zikazidi kuwa finyu. Kisha ukaja uhaba mkubwa wa petroli, ulioonekana waziwazi tangu mwaka 2022, magari yakilala foleni kwenye vituo vya mafuta. Mzazi aliyekuwa amemwandikisha mtoto upande wa pili wa mji kwa sababu ya sifa ya shule alijikuta akitembea na mtoto mgongoni, au akikosa kumpeleka kabisa. Shule ya wastani ambayo bibi anaweza kuifikia kwa miguu ni bora kuliko shule yenye sifa ambayo mtoto huiona mara mbili kwa juma.

Jambo la lango linahitaji kutazamwa na mtu mwenye jicho la askari. Hakuna mlinzi anayeondoka lindoni kabla ya kumkabidhi mwenzake. Mtoto naye ni wa kukabidhiwa. Mzazi anayetembelea shule na afike saa ya kutoka, asimame pembeni, atazame. Je, mwalimu anamjua kila anayekuja kumchukua mtoto? Au lango hufunguliwa, watoto wakamwagika barabarani kati ya malori na baiskeli? Dakika kumi za kutazama hivyo humwambia mzazi mengi kuliko saa nzima katika ofisi ya mkuu wa shule. Aombe pia kuonyeshwa choo, na maji ya kunawa, na ahesabu watoto walio mbele ya mwalimu mmoja. Katika mji uliowahi kusumbuliwa na kipindupindu, anayeuliza habari ya choo hatafuti ugomvi.

Kuhusu yanayofundishwa, kosa kubwa ni la wazazi wenyewe. Wanalipa karo, yaani minerivali, kwa jasho, kwa hiyo wanataka kuona mali. Mtoto akirudi na daftari lililojaa herufi, wanaridhika. Akirudi na magoti yenye mchanga, wanasema amecheza tu. Shule zinazotegemea fedha za wazazi hao hujifunza haraka kinachowapendeza, zikawafungia watoto madawatini na kuwashikisha kalamu kabla vidole havijakomaa. Lakini mtoto anayepanga vifuniko vya chupa kwa rangi anahesabu. Anayemngojea mwenzake ashuke kwenye bembea anajifunza zamu, jambo ambalo jeshini hufundishwa watu wazima kwa kelele nyingi.

Kwa wengi, hata hivyo, mazungumzo yote hayo hukomea kwenye fedha. Rais Pierre Nkurunziza alipotangaza mwaka 2005 kwamba elimu ya msingi itakuwa bila karo, watoto walifurika madarasani nchi nzima. Lakini shule za watoto wadogo hazikuwemo katika tangazo hilo, na sehemu kubwa ya zilizopo mjini ni za watu binafsi na za mashirika ya dini. Mchuuzi wa Buyenzi na polisi wa cheo cha chini huzipita kila asubuhi wakienda kazini. Mtoto wake atafika darasa la kwanza akiwa hajawahi kushika kitabu cha picha, akae dawati moja na mwenziwe aliyekaa materneli miaka mitatu, nao watapewa mtihani mmoja. Hilo halimalizwi na mzazi mmoja, hata awe hodari namna gani wa kuchagua.

Kwa aliyebahatika kupata nafasi, asubuhi ya kwanza huwa ya machozi. Walimu wazoefu humruhusu mama au bibi kukaa uani siku mbili tatu, akionekana, kisha akisogea mbali kidogo kila siku. Shule inayomfukuza mzazi langoni siku ya kwanza, ikafunga mlango mtoto akipiga kelele, imekwisha kujieleza yenyewe, na mzazi bado ana muda wa kumchukua mtoto wake akajaribu kwingine.