"Ticha, Punda Huya na Nyuma": Siku Moja Katika Chekechea ya Amu

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa watoto wa chekechea

 

Mazungumzo haya yanamhusu mtu ambaye wengi wenu humkabidhi mwana kila asubuhi. Humfikisha mtoto mlangoni, mkasema "Haya, Ticha," kisha mkashika njia ya sokoni, ya gatini au ya shambani. Mchana mwamchukua mwana wenu, kofia imegeuka na kiatu kimoja kiko mkononi, nanyi mwamuuliza, "Leo mmesoma nini?" Naye hujibu, "Tumecheza." Hapo mazungumzo huisha, na baadhi yenu hubaki mkijiuliza kama kuna haja ya kumwamsha kesho.

Basi mchukueni mwalimu mmoja wa mfano. Hana jina hapa, kwa sababu yeye ni walimu wengi kwa pamoja. Ni Mkristo, amekulia Mpeketoni, amepanga chumba Langoni. Jumapili huenda kanisani. Jumatatu hadi Ijumaa hushinda na watoto wa miaka minne na mitano, walio wengi Waislamu na wachache Wakristo kama yeye.

Siku huanza kwa kuita majina, na kazi hiyo pekee yahitaji subira. Kuna mtoto anayeitikia jina lake na la rafiki yake aliyekosa, kwa huruma tu, ili mwenziwe asiandikwe kuwa hayupo. Kuna siku mwalimu huuliza, "Mbona fulani hajafika?" Jirani yake hujibu, "Amelala, Ticha." "Umejuaje?" "Ameniambia mwenyewe."

Baada ya majina huja shughuli za lugha. Mtaala wa Umilisi unataka mtoto wa umri huu afundishwe kwa lugha anayoisikia nyumbani na mtaani kwake. Mjini Amu lugha hiyo ni Kiamu, na mwalimu aliyekulia bara hana budi kujifunza pamoja na wanafunzi wake. Siku zake za mwanzo aliinua picha ya ndoo ya maji, akaigonga kwa kidole, akasema kwa sauti, "Ndoo!" Darasa zima likainuka likamwendea. Akawarudisha mikekani, akainua picha tena: "Ndoo!" Wakaja tena, safari hii wakikimbia, maana mchezo umewanogea. Ilibidi mama mmoja aliyekuwa mlangoni amweleze, huku akicheka, kwamba mwana wa Amu akisikia "ndoo" husikia "njoo". Kuanzia hapo mwalimu alijiwekea daftari: ndaa ni njaa, ndia ni njia, mato ni macho, tini ni chini. Watoto humsahihisha bila haya, naye husahihishika.

Shughuli za hisabati hazina vitabu vikubwa. Zina vifuu, makombe ya baharini, vizibo vya chupa na vijiti. Mtoto hupanga vifuu kutoka kidogo hadi kikubwa, hutenga makombe meupe na ya rangi, kisha huhesabu. Huko ni kusoma, hata kama kwa macho ya mtu mzima kwaonekana kucheza. Anayejua kutenga na kupanga ameshaanza kuelewa nambari, kabla hajaandika hata moja ubaoni.

Ila mtoto wa mvuvi haridhiki na nambari tupu. Mwalimu huuliza, "Baba amerudi na samaki watatu, mama akapika mmoja. Wamebaki wangapi?" Mtoto naye hufikiri, kisha huuliza, "Ni changu au ni tasi?" Mwalimu husema aina haijalishi. Mtoto hushikilia kuwa yajalisha, kwa kuwa tasi mmoja hatoshi nyumba nzima, na mama hawezi kumpika yeye peke yake. Hapo somo la kutoa limegeuka kuwa somo la kupanga chakula cha nyumbani. Mwalimu aliyesomea kazi yake hamkemei mtoto huyo. Hukubali kuwa ni changu mkubwa, wakaendelea.

Shughuli za mazingira nazo zina vituko vyake. Mafunzo ya usalama barabarani yametungwa kwa miji ya magari: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kisha vuka. Mwalimu aliyafundisha vizuri, watoto wakaimba vizuri. Mwisho akauliza kama kuna swali. Kijana mmoja akainua mkono: "Na nyuma, Ticha? Punda huya na nyuma."

Mwalimu alinyamaza kidogo. Mtoto yule alikuwa amesema kweli. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, magari si hatari ya mtoto. Hatari yake ni punda aliyebeba mawe ya ujenzi au mifuko ya saruji, anayetokea nyuma kwenye njia ambayo watu wawili hupishana kwa taabu. Tangu siku ile somo lilibadilika. Watoto hujifunza kulia, kushoto na nyuma, na wakisikia "simile!" hujibana ukutani. Wanaojua zaidi hawakai nyuma ya miguu ya punda.

Kabla ya uji watoto hupanga mstari kwenye kibuyu chirizi kunawa mikono. Yupo anayenawa mara tatu, kwa kuwa maji ni matamu kuchezea, na yupo anayelowesha ncha za vidole akadai amemaliza. Kisha dua. Wengi husema bismillahi kwa sauti moja. Mwalimu kwa desturi ya dini yake huinamisha kichwa, hufumba macho na kuomba kimya. Siku moja msichana mdogo alimwona, akamgusa mwenziwe na kumnong'oneza, "Nyamaza, Ticha amelala."

Hapa ndipo palipo kiini cha mazungumzo haya, maana wazazi wengine wana swali ambalo hawalisemi hadharani: mwanangu akifundishwa na mtu wa dini nyingine, atarudi nyumbani na dini gani?

Swali hilo si la aibu, na lina jibu. Katika mtaala wa chekechea shughuli za kidini zimetengwa: za Kiislamu, za Kikristo na za Kihindu. Kipindi kikifika darasa hugawanyika. Watoto wa Kiislamu huwa na mwalimu wao wa dini, na Wakristo huwa na wao. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa kila mtu wa dhamiri na dini, na mtoto naye ni mtu. Ticha wa mfano wetu huwafunza watoto wote kuhesabu, kuzungumza, kunawa na kupishana na punda. Dini yake huwafunza wale tu ambao wazazi wao ni wa dini hiyo.

Watoto wenyewe hawakuanza kwa kuogopana. Mara nyingi tatizo la mwalimu kipindi hicho ni kuwatenganisha marafiki. Msichana wa Kikristo hushika mkono wa shoga yake na kumfuata kwa ustadhi, kwa sababu asubuhi walikaa pamoja na uji walikunywa pamoja. Wiki inayofuata mvulana wa Kiislamu hujipenyeza upande wa Wakristo, kwa kuwa amesikia huko leo kuna kuchora kwa rangi. Mwalimu humshika kila mmoja mkono na kumrudisha kwake taratibu, bila kukaripia na bila kumfanya aone amekosa. Wakimaliza hukutana tena uwanjani, na mchezo huanzia palepale ulipoachwa.

Hofu ya wazazi ina historia hapa Pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa jamii ya Waislamu walisikitika kuwa watoto wao walikuwa wakibaki nyuma katika shule, na wakamweleza Aga Khan haja hiyo. Mwaka 1986 ukaanza Mombasa mpango wa shule za chekechea zilizoungana na madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, ndiye aliyekuwa mkufunzi wa kwanza wa walimu wake. Mpango huo ulionyesha kwamba mtoto aweza kujifunza dini yake na kujiandaa kwa shule mahali pamoja, kwa vifaa vya kwao vya bei nafuu na kwa mchezo. Baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Funzo lake bado lina nguvu: jamii hukubali chekechea inapoona kwamba haikuja kumvua mtoto alichovishwa nyumbani.

Kwa hiyo mzazi anayemzuia mtoto nyumbani kwa kusema chuoni kunatosha, au anayesema atamleta akifika Gredi ya Kwanza, na apime hasara. Chuoni kuna faida yake na hakuna anayetaka ipungue. Watoto wengi wa Amu huenda skuli asubuhi na chuoni jioni, hata baadhi hurudi wamelala begani. Lakini mtoto anayeanza Gredi ya Kwanza bila PP1 na PP2 huwakuta wenziwe wanajua kushika kalamu, kungoja zamu na kumwambia mtu mzima asiyemjua kwamba ana haja. Yeye hujifunza yote hayo kwa siku moja, tena mbele ya watu.

Kuna mtoto mmoja wa namna hiyo karibu katika kila darasa. Huletwa akiwa amechelewa, hukaa karibu na mlango, hasemi. Wiki hupita. Haimbi, hahesabu, hajibu jina lake, na wenziwe husema kwa niaba yake: "Ticha, huyu hataki kusema." Mwalimu halazimishi. Humwekea vifuu karibu yake na kuondoka. Siku moja huinama pale mlangoni, hunyoosha mkono na kumwita kwa neno lile lile lililomchekesha darasa zima mwanzoni: "Ndoo." Mtoto humtazama. Huyu mgeni amemwita kwa maneno ya mamake. Huinuka akaenda. Kesho yake husema neno lake la kwanza darasani, na mara nyingi ni "Nina ndaa."

Siku kama hiyo haiandikwi kwenye ripoti yoyote, na mtoto akifika nyumbani atasema, "Tumecheza."

Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Lakini yapo ambayo ni mzazi pekee awezaye kuyafanya.

Kwanza, mwandikisheni mtoto akifika miaka minne kwa PP1, na mitano kwa PP2. Andaeni cheti chake cha kuzaliwa mapema.

Pili, mleteni kila siku na kwa wakati. Mtoto anayekosa siku mbili kila wiki huanza upya kila Jumatatu.

Tatu, zungumzeni na mwalimu. Mwelezeni dini ya mtoto, chakula asichokula, ugonjwa alio nao na neno la Kiamu ambalo mgeni hatalielewa. Mkiwa na wasiwasi, muulizeni yeye kabla ya kuuliza barazani.

Nne, mtoto akirudi msimuulize tu amesoma nini. Muulizeni amecheza nini, na nani, na kwa vitu gani. Kisha mpeni vifuu vitano na mumwache awaonyeshe.

Na mkipita na mtoto kichochoroni kesho asubuhi, naye akageuka kulia, kushoto na nyuma kabla ya kupiga hatua, mjue kwamba amefunzwa. Mjue pia kwamba mwalimu wake alifunzwa hilo na mtoto wa Amu.