Umbo la Almasi Lifuate Mkono

Kijana anayetaka kumvisha mchumba pete huingia kwa sonara na swali moja: jiwe hili lina karati ngapi? Karati moja ni gramu 0.2 tu. Uzito ni wa mizani. Umbo ndilo litakalotazamwa kila siku.

Almasi nyingi huchongwa duara, nyuso 57, ili zing'are sana. Lakini duara hupoteza jiwe jingi. Ile almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5, ilipochongwa duara zikabaki 23.6.

Anayetaka pete isiyofanana na ya jirani huonyeshwa umbo la yai, la tone la maji, au la mtumbwi wenye ncha mbili. Kwa uzito uleule, maumbo haya marefu huonekana makubwa kuliko duara.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Almasi ni ngumu kuliko mawe yote, ni kweli. Haikwaruziki kwa urahisi. Hata hivyo, ikigongwa vibaya hupasuka, na ncha ndiyo humeguka kwanza. Mama anayefua, anayekuna nazi, au nesi anayeshika vyuma mchana kutwa, ncha tupu hazimfai.

Basi, kijana, kabla ya kutoa fedha, itazame kwanza kazi ya mkono ule. Ukipenda mtumbwi, mwambie sonara azikinge ncha zote mbili kwa dhahabu. Ukitaka usalama, chukua yai: si duara la kila mtu, wala halina ncha.

Pete huvishwa siku moja, huvaliwa miaka.