MIUNGU YA WAGIRIKI NA MIUNGU YA WARUMI: JE, NI ILEILE?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliniandikia nije nizungumze juu ya kazi serikalini. Namwomba radhi. Habari ya kazi nitaifikia, lakini kwa njia ya mzunguko kidogo, nikianzia kwa Zeus.

Nilipokuwa kidato cha pili niliokota katika maktaba yetu kitabu kikuukuu kisicho na jalada. Ukurasa mmoja ulikuwa na orodha ya safu mbili: kushoto miungu ya Wagiriki, kulia miungu ya Warumi. Zeus ni Jupiter. Hera ni Juno. Ares ni Mars. Aphrodite ni Venus. Athena ni Minerva. Niliinakili, nikaikariri, na bwenini wenzangu wakawa wananiuliza kama wanaofungua kamusi. Niliamini kwamba Warumi walichukua miungu ya jirani zao wakaipachika majina mapya, basi.

Nikaja kuumbuka chuo kikuu. Katika semina, mhadhiri aliniuliza, "Mars ni nani?" Nikajibu upesi, "Ni Ares, mungu wa vita." Akasema, "Vema. Mkulima wa Kirumi alimwomba Mars amlindie nafaka na mifugo yake. Mgiriki gani alimwomba Ares jambo kama hilo?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeirudia orodha yangu mara nyingi, na leo napenda tuipitie pamoja.

Tumtazame kwanza huyo Ares. Katika utenzi wa Homer uitwao Iliad, anachomwa mkuki na Diomedes, ambaye ni binadamu tu, kwa msaada wa Athena. Anapiga ukelele wa kutisha, anakimbilia Olympus kumshtakia baba yake, na Zeus, badala ya kumpoza, anamwambia wazi kuwa anamchukia kuliko miungu yote. Kwa Wagiriki, Ares alikuwa ghadhabu ya vita, damu isiyo na akili.

Mars je? Warumi walisimulia kwamba ndiye aliyewazaa Romulus na Remus, kwa hiyo walimhesabu kuwa babu wa taifa lao. Mwaka wao wa kale ulianza kwa mwezi wake, Machi, jina ambalo nasi twalitamka mpaka leo. Ndio mwezi mashamba yalipoamka na majeshi yakaanza kutoka. Cato, aliyeandika kitabu cha kilimo katika karne ya pili K.K., anaeleza jinsi mwenye shamba alivyozungusha nguruwe, kondoo na fahali kwenye mipaka ya shamba lake, kisha akamwomba Mars amwondolee maradhi na ukame. Ares ni mtoto asiyependwa nyumbani kwao. Mars ni mzee wa ukoo.

Hali kadhalika Athena na Minerva. Athena alikuwa na mji wake, Athens, na Wathene walianza kumjengea hekalu la Parthenon mwaka 447 K.K. Huvaa kofia ya chuma na kushika mkuki. Minerva aliabudiwa Italia tangu zamani, na huko Roma alikuwa mlinzi wa mafundi, waganga na walimu. Katika sikukuu yake ya mwezi Machi wanafunzi walipewa mapumziko, na walimu wakapokea malipo yao. Naona Mwalimu Mkuu anatikisa kichwa kukubali.

Wapo pia ambao hawakupata mwenzi katika safu ya pili. Janus, mwenye nyuso mbili, mlinzi wa milango na wa kila mwanzo, ambaye jina lake limo katika Januari, hana ndugu yake Ugiriki. Naye Apollo alihamia Roma na jina lake lilelile, akajengewa hekalu mwaka 431 K.K. baada ya maradhi kuushambulia mji.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi kwamba orodha ile ilikuwa uongo. Wataalamu wa lugha wamethibitisha kuwa majina Zeus na Jupiter yametoka shina moja la kale, lenye maana ya mbingu. Tena Warumi wenyewe ndio waliofanya ulinganisho huo. Mwaka 217 K.K. Hannibal aliliangamiza jeshi lao kando ya ziwa Trasimene. Mji ukajaa hofu. Katika hofu hiyo wakaiandalia miungu karamu, vitanda sita, kila kitanda miungu miwili: Jupiter na Juno, Neptune na Minerva, Mars na Venus, Apollo na Diana, Vulcan na Vesta, Mercury na Ceres. Jumla kumi na miwili, kwa kufuata desturi ya Wagiriki. Walikuwa wameazima mpangilio wa jirani. Lakini karamu ilipokwisha, mkulima alirudi shambani akaendelea kumwomba Mars amlindie mavuno.

Kwa hiyo orodha inatuambia majina gani yalikutanishwa. Haituambii kila mmoja aliombwa nini, na nani, wala kwa hofu gani.

Sasa nafika kwenye kazi. Mwaka wangu wa pili serikalini niliagizwa kuandaa mpango wa maendeleo wa wilaya moja. Nilikuwa na mpango uliokwisha pita wa wilaya nyingine. Nikafuta jina la kwanza, nikaandika la pili, nikapeleka. Siku ya kuusoma mbele ya wananchi, mzee mmoja alinyoosha mkono akasema, "Mwanangu, hayo majosho ya ng'ombe ni mazuri. Ila sisi hapa tunalima mpunga. Ng'ombe wenyewe wako wapi?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mpango ulirudishwa ukaandikwe upya, mwaka wa fedha ukaisha, na mfereji waliokuwa wakiuhitaji haukuchimbwa msimu ule. Lilikuwa kosa langu mimi, wala si la mwingine. Nilikuwa nimerudia kosa la kidato cha pili, nikidhani kubadili jina ni kujua kitu.

Wadogo zangu, orodha za safu mbili mtazikuta kila mahali, katika vitabu na baadaye maofisini. Zinakilini, hazina ubaya. Ila chukueni rula mkachore safu ya tatu, na juu yake andikeni: "Kazi yake ni nini kwa watu wake?" Safu hiyo haijazwi kwa kukariri. Inabidi uende ukaulize.