Sumaku Ndogo Katika Gurudumu la Baisikeli

Leo nataka kusema nanyi habari ya kitu kidogo sana, kipatacho ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nacho ni sumaku ifungwayo katika spoki ya baisikeli ili kupima mwendo. Labda mtasema kwamba kitu kidogo namna hii hakistahili mazungumzo. Basi sikilizeni kwanza.

Kijijini kwetu yuko kijana apelekaye maziwa kwa baisikeli. Tajiri wake humlipa kwa kilometa, kama zisomekavyo katika kipimo kilichofungwa juu ya usukani. Safari yake ya kwenda na kurudi ilikuwa kilometa 24 siku zote. Ikatokea siku moja kipimo kuonyesha 21, na siku ya pili yake 17. Tajiri akamwambia, "Mwanangu, ama siku hizi wapita njia ya mkato, ama tangu zamani ulikuwa ukiniibia."

Jioni ile kijana alikuja kwangu, uso umemshuka. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu." "Mjomba, njia haikufupika, wala mimi si mwizi." Nikamjibu, "Nasadiki. Lakini na tuiulize baisikeli yenyewe."

Yafaa kwanza tujue jinsi kipimo kifanyavyo kazi. Zamani, karibu mwaka 1895, Bwana Curtis Veeder wa mji wa Hartford, Marekani, alitengeneza kihesabio kidogo cha baisikeli. Kijiti cha chuma kilifungwa katika spoki, na kila gurudumu lilipozunguka, kijiti kiligonga kigurudumu chenye meno, na hesabu ikasogea. Vipimo vya sumaku vya siku hizi vyafuata akili ile ile, ila havigongani. Katika uma wa mbele hufungwa kisanduku kidogo, na ndani ya vingi vya visanduku hivyo mna kibomba cha kioo chenye vipande viwili vyembamba vya chuma. Sumaku ipitapo karibu, vipande hivyo hugusana, umeme hupita, na kipimo huhesabu mzunguko mmoja. Kisha huzidisha mizunguko kwa urefu wa duara ya tairi. Tairi yenye duara ya mita 2.1 ikienda kilometa 20 kwa saa, sumaku hupita mbele ya kisanduku zaidi ya mara mbili na nusu kwa kila sekunde.

Basi sumaku ikiwa mbali, au ikipita pembeni, mizunguko mingine haihesabiwi. Njia ni ile ile, jasho ni lile lile, lakini hesabu imepungua.

Tuliinua gurudumu la mbele tukalizungusha polepole. Mara ikaonekana kwamba parafujo ya sumaku ilikuwa imelegea. Mtikiso wa barabara pamoja na nguvu ya mzunguko vilikuwa vimeisukuma sumaku kuelekea ukingo wa gurudumu, upana wa vidole viwili kutoka mahali pake, tena imegeuka upande. Huyo ndiye mwizi wa kilometa.

Sasa sikilizeni namna ya kuifunga. Kwanza, pangusa spoki kwa kitambaa kikavu, isibaki mafuta wala vumbi, kwa maana penye mafuta sumaku haishiki. Pili, iweke upande wa gurudumu unaokabili kisanduku, ipite sawasawa mbele ya alama iliyochorwa juu yake. Tatu, angalia nafasi iliyo kati yao: milimita 2 au 3 zatosha, nazo zisizidi 5, lakini visigusane kamwe. Nne, kaza parafujo mpaka sumaku isigeuke kwa vidole, bali usikaze kwa hasira ukaivunja. Ikiwa spoki ni nyembamba, izungushie kwanza kipande cha mpira wa ndani uliochakaa, kisha kaza juu yake. Mwisho, zungusha gurudumu, kwanza polepole, kisha kwa kasi, ukitazama na kusikiliza.

Tena msisahau duara ya tairi. Weka valvu chini kabisa, tia alama ardhini, panda baisikeli, mwenzio aisukume moja kwa moja mpaka valvu irudi chini, kisha pima. Ukiandika mita 2.1 badala ya 2.2, kilometa 24 zitasomeka karibu 23.

Liko na jambo kubwa kuliko fedha. Sumaku iliyolegea yaweza kugonga kisanduku na kukivuta, na waya usiofungwa vema katika uma waweza kuingia katika spoki. Gurudumu la mbele likizuiliwa ghafula, mpanda baisikeli hurushwa mbele kwa kichwa. Kwa hiyo funga waya pamoja na uma, usilegee popote, na kila juma, ujazapo upepo, iguse sumaku kwa kidole. Hiyo ni kazi ya dakika moja tu.

Siku ya pili tajiri alikuja mwenyewe. Kijana alimwonyesha alama ya vumbi mahali sumaku ilipokuwa imehamia, kisha akaenda safari yake. Aliporudi, kipimo kilisoma 24. Tajiri alinyamaza kitambo, akasema, "Nimekukosea, mwanangu," akamlipa kilometa zilizopotea.

Wasikilizaji wangu, chombo cha kupimia ni shahidi, na shahidi asiyesimama mahali pake husema uwongo bila kukusudia. Kabla ya kumtia mtu hatiani kwa neno la chombo, kipimwe kwanza chombo chenyewe. Kwaherini.