MTOTO CHINI YA LORI

(Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo, nje ya ghala la pamba)

Sitawaweka sana, maana jua hili wote tunalijua.

Leo sizungumzii gari linalokimbia barabarani. Hilo kila mzazi analiogopa. Nazungumzia gari lililosimama. Gari likisimama sisi hudhani limelala, basi watoto nao hulisogelea.

Mwaka 2023, wakati wa msimu wa pamba, lori lilisimama hapa hapa tulipokaa. Mama mmoja alikuwa kwenye mzani, anangoja pamba yake ipimwe. Mtoto wake wa miaka 2 akatafuta kivuli. Kivuli kilikuwa wapi? Chini ya lori. Akalala nyuma ya gurudumu, usingizi ukamchukua. Dereva akarudi kutoka kunywa chai, akapanda, akawasha moto. Bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga ndiye aliyepiga yowe. Dereva akazima. Mtoto akatolewa, hata usingizi haujamtoka.

Wapo waliosema mama yule ni mzembe. Mimi nakataa. Mimi mwenyewe nilikuwa hatua 5 tu kutoka kwenye lori lile, daftari mkononi, na sikumwona. Watu wazima tulikuwa zaidi ya 20. Kila mmoja alidhani mtoto anatazamwa na mwenzake.

Na dereva je? Siku ile jioni tulifanya jaribio. Tuliweka debe nyuma ya lori, karibu na bodi. Nikaomba kukaa kwenye kiti cha dereva. Nikatazama kioo cha kulia, nikatazama cha kushoto. Debe silioni. Vioo vile huonyesha ubavuni, lakini nyuma kabisa, karibu na gari, havionyeshi. Mtoto wa miaka 2 akilala chini halizidi debe kwa kimo. Kwa hiyo tusiseme, "Dereva atamwona." Hamwoni. Kabla ya kuondoa gari lazima dereva au utingo ashuke, alizunguke lote, ainame atazame chini. Akirudi nyuma, utingo asimame mahali anapoonekana kwenye kioo. Kupiga honi peke yake hakutoshi. Mtoto mdogo akisikia honi hashtuki akakimbia. Mara nyingine husimama tu kutazama.

Mzee mmoja ameniuliza: "Mwalimu, je, tukimweka mtoto ndani ya gari na kufunga mlango, si ndiyo salama?" Swali zuri sana. Jibu ni hapana, mzee wangu. Gari likiwa juani, ndani huwa kama tanuri. Kwa dakika 10 tu joto la ndani laweza kuzidi la nje kwa nyuzi 10 hivi. Kufungua kioo kidogo hakusaidii sana. Na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wetu, mara 3 hadi 5. Tukienda msibani au harusini kwa gari la kukodi, mtoto akisinzia tusimwache humo eti asisumbuliwe. Tumbebe, hata kama ni mzito.

Ukimkuta mtoto amezidiwa na joto, mpeleke kivulini upesi. Mvue nguo, mmwagie maji mwilini, mpepee. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpe maji ya kunywa. Kama amezimia usimpe kitu mdomoni. Mkimbize zahanati, huku unaendelea kumpoza.

Tena mtoto aliyeachwa ndani huchezea. Ataachia breki ya mkono, au atasukuma gia, na kama gari liko mteremkoni litaondoka naye. Dereva achukue ufunguo, aweke gia, afunge breki, na mawe yawekwe kwenye magurudumu. Trekta na tela lake ni vivyo hivyo. Na yale magari mabovu yaliyotupwa nyuma ya maduka, watoto huyapenda kwa kujificha. Mlango ukijifunga, mingine haifunguki kwa ndani. Wenye magari hayo wang'oe vitasa, au milango yenyewe. Chuma chao hakitapungua bei.

Pikipiki sitaisahau. Bomba lake la moshi hubaki na moto hata ikishazimwa. Nadhani wengi hapa mnajua kovu lile la mguuni.

Sasa, kesho kutwa lori la kwanza linakuja. Karani wa mzani amekubali kutopakia mpaka utingo amezunguka gari. Watoto watakaa kule kwenye mwembe. Nataka watu 2 wa kuwatazama kwa zamu wakati wenzao wako kwenye mzani. Bibi wa karanga amekwisha kubali kuwa wa kwanza, ila asema karanga zake lazima mzinunue. Wa pili ni nani? Nyosheni mikono.