Plastiki Angavu Iliyofifia: Ya Kung'arishwa na ya Kuachwa

Hotuba kwa mafundi wa jua kali, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na wahudumu wa afya



Katika chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, muuguzi hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa macho. Mashine hupima joto na mpigo wa moyo, lakini ni jicho linaloona kifua kikipanda na kushuka, ngozi ikianza kugeuka manjano, midomo ikianza kuwa ya buluu. Yote hayo huonekana kupitia kifuniko cha inkubeta, na vifuniko vingi vya inkubeta si vya kioo. Ni vya akriliki, ile plastiki angavu ambayo wengi huiita Perspex. Kifuniko kikishafutwa kila siku kwa miaka kadhaa, huingia ukungu. Muuguzi huanza kuinama na kusogeza kichwa huku na huku, na mwishowe hufungua kidirisha ili amwone mtoto vizuri. Kila kidirisha kinapofunguliwa, joto la mtoto hutoka.

Kwa kawaida huwa kuna kungoja kifuniko kipya, au kuvumilia. Ipo njia ya tatu, nayo ni kukifanyia kazi kile kilichopo. Lakini njia hiyo ina mipaka, na fundi asiyeijua mipaka hiyo ataharibu zaidi ya alichokikuta.

Akriliki ilianza kuuzwa katika miaka ya 1930, Ujerumani kwa jina la Plexiglas na Uingereza kwa jina la Perspex. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ilitumika kufunika vyumba vya marubani wa ndege za kivita. Daktari mmoja wa macho wa Uingereza, Harold Ridley, aliona kwamba vipande vya plastiki hiyo vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta uvimbe kama ilivyotarajiwa. Mwaka wa 1949 akaanza kuweka lenzi ya akriliki ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho, jijini London. Lenzi za aina hiyo bado zinatumika, kwa hivyo huenda hata hapa yupo mzee anayeitazama mada ya leo kupitia mada yenyewe.

Akriliki safi hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga. Kinachobaki, karibu chote hurudishwa na nyuso zake mbili, ule wa mbele na ule wa nyuma. Ndani ya plastiki yenyewe hakipotei kitu cha kuhesabika. Uangavu wake basi unategemea sana ngozi ya juu. Ngozi hiyo ikikwaruzwa, kila mkwaruzo hutawanya mwanga ovyo, na mikwaruzo elfu moja midogo ndiyo huo ukungu.

Kabla ya kugusa msasa, fundi huanza na tone la mafuta ya kupikia. Mafuta hupinda mwanga karibu sawa na akriliki, hivyo yakijaza mikwaruzo, mwanga hupita kana kwamba mikwaruzo haipo. Sehemu iliyopakwa ikiwa angavu ghafla, ubovu uko juu na unaweza kuondolewa. Ikiwa bado kuna vijistari vyembamba vinavyometameta kipande kinapoinamishwa kwenye mwanga, hizo ni nyufa zilizokwisha kuingia ndani. Hapo msasa hausaidii. Mafuta huoshwa kwa maji ya sabuni kabla ya kazi kuanza.

Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko nguvu. Mafundi wa kupaka magari rangi wanaijua misasa ya maji, na ndiyo hiyo hiyo: namba 400 kwa mikwaruzo mirefu, kisha 800, 1200 na 2000. Ukungu mwepesi huweza kuanziwa 1200 moja kwa moja. Kila namba inapobadilishwa, mkono nao hubadilisha mwelekeo, kama ni kwenda kushoto na kulia sasa uwe wa juu na chini. Kwa njia hiyo mistari ya namba iliyotangulia huonekana wazi ikiwa bado imo. Anayeruka namba atadhani amemaliza, mpaka apake dawa ya kung'arisha ndipo mistari ya 400 ijitokeze yote, na arudi mwanzo. Maji nayo yamwagwe, sifongo ioshwe, na mikono pia. Chembe moja ya msasa mkali ikibaki ndani ya sifongo itaharibu kazi ya saa nzima.

Mkwaruzo wa kina cha nusu milimita haufutwi kwa kusugua pale pale ulipo. Ukifanya hivyo unachimba kishimo, na kishimo katika plastiki angavu ni lenzi: kitu cha upande wa pili kitaonekana kimepinda. Fundi husugua eneo pana kulizunguka, akishuka polepole. Hilo ni jambo dogo kwenye fremu ya picha. Kwenye kifuniko cha inkubeta ni jambo kubwa.

Baada ya namba 2000 uso huwa mweupe kama maziwa, na wengi hukata tamaa hapo. Ndipo dawa ya kung'arisha plastiki huingia, kwa kitambaa laini cha pamba au kwa gurudumu la kitambaa. Dawa ya meno nyeupe huweza kuondoa ukungu mwepesi, ingawa huchukua muda. Gurudumu lisitulie mahali pamoja. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzijoto 100, na msuguano hufika huko kwa sekunde chache. Kipande kikiwa na moto kiasi kwamba kiganja hakiwezi kukaa juu yake, kipumzishwe.

Kingo na matundu ni kazi nyingine. Baada ya msumeno, ukingo hunyooshwa kwa mgongo wa blade ya msumeno wa chuma, ukivutwa kama anayeparua samaki magamba, kisha misasa hufuata. Ncha ya kutobolea chuma huwa na tabia ya kuuma plastiki na kuipasua inapotokea upande wa pili. Ncha hiyo hunolewa ili makali yake yakwangue badala ya kujichimbia, ubao huwekwa chini, na mkono hupunguza kasi mwishoni. Tundu liwe pana kuliko skrubu. Akriliki ya urefu wa mita moja hurefuka kwa takriban milimita 1.4 joto likipanda nyuzi 20, na kati ya asubuhi ya baridi na jua la mchana dirishani nyuzi hizo hufika bila shida.

Wapo wanaong'arisha ukingo kwa moto wa gesi. Ukipitishwa kwa haraka, ukingo huwa kama kioo. Ubaya ni kwamba moto huacha mkazo uliojificha ndani ya plastiki. Ukataji wa leza unaotumiwa na watengeneza mabango huacha mkazo kama huo.

Mfano wake uliwekwa mbele ya wananchi wote. Korona ilipothibitishwa nchini mwezi Machi 2020, ofisi, benki na maduka ya dawa ziliweka vioo vya Perspex kwenye kaunta, kisha vikapuliziwa sanitaiza kutwa kucha. Baada ya muda, nyufa nyembamba zikatokea kwenye kingo na kuzunguka skrubu. Waliolaumiwa ni wauzaji wa plastiki. Kisa hasa mara nyingi ni alkoholi kukutana na plastiki iliyokatwa kwa moto au kukazwa kupita kiasi. Thinner na petroli hufanya hivyo hivyo, na kwa kasi zaidi.

Vioo hivyo vingi vimerundikwa stoo. Kingo zenye nyufa zikikatwa, sehemu ya katikati ni mali nzima: kifuniko cha ubao wa matangazo, kinga ya macho kwenye mashine ya karakana, fremu. Ila kilichonunuliwa kwa fedha za umma ni mali ya umma hata kikiwa na vumbi. Kinaondolewa kwa utaratibu wa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015. Askari wa lango hana mamlaka ya kukigawa. Vijana wanaotaka kazi hii kama biashara wakumbuke pia mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Taa za mbele za magari ya siku hizi zisichanganywe na haya. Nyingi ni za polikaboneti, plastiki nyingine, na zina utando wa kuzuia miale ya jua. Zikisuguliwa hung'aa, lakini utando umeondoka. Zisipopakwa mwingine, hurudi kuwa manjano upesi, na dereva huendesha usiku akidhani taa zake ni nzima.

Kuhusu inkubeta, msasa wa jua kali usifike wodini. Kifuniko hushughulikiwa na fundi wa vifaa vya tiba wa hospitali, nje ya chumba cha watoto. Chenye nyufa haking'arishwi. Huondolewa, kwa sababu nyufa ni maficho ya vijidudu na kinaweza kuvunjika. Chenye ukungu wa juu tu huweza kusuguliwa, kikaoshwa mpaka dawa yote itoke, kikakaguliwa, ndipo kirudishwe kazini. Wanaofuta kila siku nao wana lao. Maelekezo ya inkubeta nyingi hukataza spiriti kwenye kifuniko, na tambara kavu juu ya vumbi ni msasa pia. Kitambaa laini na maji ya sabuni isiyo kali hutosha kwa uchafu wa kawaida, na dawa ya kuua vijidudu iwe ile iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine.

Kwa wote wanaosugua: wasugue kwa maji, wavae barakoa wanapokata pakavu, na maji machafu yaachwe yatulie ndooni ili unga wa plastiki utenganishwe usiende mtoni.

Kwenye meza iliyo mlangoni kuna vipande vya majaribio, ndoo mbili za maji, misasa ya namba nne na chupa ya mafuta. Baadhi ya vipande hivyo vina nyufa za ndani. Mafuta yaanze.